Skrini ya Buluu Nyumbani kwa Mama Mkwe

Sogea hapa, wewe uliyeweka Linux juzi na leo mashine inakukodolea skrini nyeusi. Usiogope, hujaiua. Mara nyingi kompyuta ya namna hiyo imeshindwa tu kuelewana na kadi yake ya picha. Ukiiwasha upya ukaiambia iiache kadi hiyo kwanza, itafunguka kwa sura duni kidogo, lakini itafunguka. Na kama jana ilikuwa nzima, na leo baada ya masasisho haina sauti wala mtandao, iwashe upya, ingojee ile orodha ya mwanzo, kisha uchague kerneli ya zamani. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo, ile sehemu inayozungumza na vyuma. Ile ya jana haifutwi mara moja. Huachwa pale makusudi, kama vile mpishi mwenye akili anavyobakisha ugali wa jana mpaka aone wa leo umeiva.

Nakueleza taratibu kwa sababu nami nilielezwa taratibu, na watu nisiowajua sura, waliokuwa wakijibu maswali yangu ya kitoto mtandaoni bila kunicheka. Lakini kuna hitilafu moja ambayo hawakunieleza, kwa kuwa haiwezi kutokea kwao. Inaweza kutokea huku kwetu tu. Hiyo ndiyo nataka uisikie, ingawa kuisimulia kunanikalia vibaya.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya kutwa hapa mjini Kakamega. Niliingia Linux kwa sababu laptopu yangu ilikuwa imechoka na sikuwa tayari kuitupa. Katika muhula mmoja nilionja kila aina ya shida: skrini nyeusi, sauti iliyopotea, kipanya kilichoganda, na kerneli mpya iliyokataa kuiona printa ya shule. Nilipozishinda moja baada ya nyingine, kichwa kikavimba. Nikaanza kuzitazama mashine za watu jinsi mtu aliyeokoka juzi anavyowatazama majirani zake wanaokunywa.

Mashine iliyonikera kuliko zote ilikuwa ya mama mkwe wangu, kule Malinya.

Mama ni mwalimu mstaafu wa chekechea. Macho yake yana mtoto wa jicho, na anasubiri kufanyiwa upasuaji. Kitindamimba wake ni muuguzi ng'ambo, na kabla ya kusafiri alimwachia mama laptopu aliyoitengeneza ikamfaa. Herufi zilikuwa kubwa kama za ubaoni, na katikati ya skrini palikuwa na picha moja tu, pana kama sahani. Mama akiibonyeza, uso wa binti yake unatokea, mkubwa, naye anauona. Kwenye simu haoni kitu. Laptopu ilichukua muda mrefu mno kuwaka, lakini mama alikuwa ameuzoea muda huo. Alikuwa akiiwasha akitoka kanisani, anakwenda kumkatia ng'ombe majani, na akirudi anaikuta imekuwa tayari.

Mimi niliona ule uzito tu. Sikumwona ng'ombe akilishwa.

"Ile mashine ya mama inateseka," nilimwambia mke wangu.

"Inateseka, ama ni wewe unateseka ukiiona?"

"Nikiiwekea Linux itawaka kabla hajavua viatu."

"Na ukiharibu?"

"Nimewahi kuharibu gani?"

Alinitazama kwa namna ambayo wanandoa wanaielewa, lakini akampigia mama. Jibu likaja kupitia kwake: "Kama mkwe ameona ni vizuri, basi ni vizuri."

Nililichukua jibu hilo kuwa ruhusa. Hebu sasa nikueleze mila yetu, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu. Mimi nimezaliwa upande wa Ekero, kwenye miwa, na mke wangu ni wa Malinya, lakini katika jambo hili sisi sote ni kitu kimoja: mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono. Mama akiingia kwa mlango wa jikoni, mimi natoka kwa mlango wa mbele. Nikiwa na neno, nalisema kwa mke wangu naye analipeleka, hata kama mama yuko upande wa pili wa ukuta na amelisikia mwenyewe. Hatuchukiani, tunaheshimiana. Ila katika heshima hiyo mama hana nafasi ya kumwambia mkwe wake, "Hapana, iache mashine yangu." Angeanzia wapi? Nilijua hilo tangu siku niliyopeleka mahari, nikajifanya sijui.

Kuna jambo lingine nililolijua. Binti yule wa ng'ambo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na Jumapili ile mama angempa jina. Baba wa mtoto ni mtu wa huko, na ukoo wake hauiti majina, kwa hiyo kazi ilimwangukia bibi. Na kwetu jina halichaguliwi kitabuni. Mtoto akiwa analia, bibi anayataja majina ya jamaa waliokufa, moja moja, bila haraka. Mtoto akinyamaza na kushika titi, aliyetajwa ndiye aliyerudi. Bibi hulazimika kuutazama uso wa mtoto muda wote huo. Hospitali ya huko ilikuwa ikilitaka jina hilo siku ya pili yake.

Unaweza kujiuliza kwa nini nilichagua siku hiyohiyo. Nilitaka jina liitwe kwenye mashine mpya. Nilitaka shughuli ikiisha watu waseme, na mkwe naye alifanya jambo.

Tulifika Malinya ibada ikiwa haijaisha. Niliketi sebuleni, mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, nikachomeka flashi. Mfumo uliniuliza kama nataka kuujaribu kwanza au kuusakinisha moja kwa moja. Mtu mwenye ujuzi kama wangu ajaribu nini? Nikasakinisha. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka uliponiuliza neno la siri la mwenye mashine, na tena neno la siri la pili la kulinda zile draiva zisizo za mfumo wenyewe. Draiva, kama hujui bado, ni kile kipande cha programu kinachoufundisha mfumo kutumia kifaa fulani. Ya waifai ya mama ilikuwa mojawapo ya hizo.

Mama alikuwa amesharudi. Nilimsikia jikoni akiongea na shangazi yake mke wangu, mama mmoja mwenye sauti ya kuitisha mkutano wa kijiji.

"Mwambie mama anipe neno la siri nimwandikie," nilimwambia mke wangu.

Akaenda, akarudi akicheka. "Anasema neno likipita midomo miwili si la siri tena. Ataandika mwenyewe."

Basi nikakohoa, nikatoka nje kwa mlango wa mbele, nikasimama karibu na zizi. Mama akaingia kwa mlango wa jikoni. Nilimsikia akibonyeza vitufe kimoja kimoja, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango. Mke wangu akanipigia kelele kutoka dirishani kwamba tayari, nami nikampigia kelele nikimwongoza mahali pa kubonyeza. Usakinishaji ukaendelea hadi mwisho, mama akiwa bado pale kitini akiungojea, na mashine ikajizima ili iwake upya.

"Imekuwa ya buluu!" mke wangu akaita.

"Buluu vipi?"

"Buluu yote! Kuna maandishi madogo ya Kiingereza, na namba inashuka!"

"Namba gani?"

"Inashuka tu! Nibonyeze?"

"Usiguse kitu! Nakuja!"

"Mama amekaa hapa!"

Nilikuwa nimeshaweka mguu kizingitini. Nikaurudisha. Ndani, mama naye alisikia kwamba nahitajika, akaanza kuinuka. Magoti yake hayanyooki bila kubembelezwa. Alishika meza, akashika ukuta, akatafuta leso yake iliyokuwa imeanguka, akaelekea jikoni. Nilisimama nje nikitazama upande wa migomba hadi niliposikia mlango ule umefungwa. Nilipoingia, buluu haikuwepo. Skrini ilikuwa imefunguka, safi, rangi zinang'aa, na imewaka upesi kama nilivyoahidi. Nikapiga makofi peke yangu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wageni wengi wa Linux hujikwaa. Kompyuta za siku hizi zina mlinzi mlangoni. Kazi yake ni kukataa kitu chochote kisicho na muhuri anaoujua. Draiva ile ya waifai ilikuwa na muhuri mpya, na ile skrini ya buluu ilikuwa mlinzi akiuliza: je, mwenye nyumba, unamkubali huyu? Anauliza mara moja tu, kwa sekunde chache, na jibu lake ni kubonyeza kitufe chochote kisha kuandika lile neno la siri la pili. Asipojibiwa, huchukulia kwamba jibu ni hapana, na anaendelea na kazi zake. Mke wangu alikuwa na kidole juu ya kitufe. Mimi ndiye niliyemwambia asiguse.

Hayo niliyajua baadaye; siku ile nilishtuka tu nilipotafuta alama ya waifai pale juu. Haikuwepo. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiambia mashine iniorodheshee vifaa vyake. Kadi ya waifai ilionekana. Nikaangalia kama imezimwa, haikuwa imezimwa. Nikajaribu kuipakia draiva kwa mkono, na mashine ikanijibu kwamba ufunguo umekataliwa. Nililisoma jibu hilo mara nyingi. Ufunguo gani tena?

"Mwalimu!" shangazi aliita kutoka jikoni. "Mbona unaiandikia barua ndefu hivyo? Si uiambie tu ifunguke!"

"Imefunguka, shangazi. Imekosa mtandao."

"Labda inataka kuombewa."

"Ilikuwa imeokoka kabla hajaigusa," mke wangu akasema, na jikoni wakacheka. Sauti ya mama sikuisikia katika kicheko hicho.

Nilitoa simu yangu ili niipe mashine mtandao kwa waya. Hiyo ni njia nzuri, ishike: simu nyingi zinaweza kuipa kompyuta mtandao kwa waya wa kuchajia hata waifai ikigoma. Lakini waya niliobeba ulikuwa wa bei ya chini, wa kupitisha umeme tu, haukuwa na nyuzi za data. Mashine haikuiona simu. Niliulizia waya mwingine nyumba nzima, nikatuma mtu kwa jirani. Wa jirani ulikuwa wa simu ya kizamani.

Wakati huo chakula kililetwa. Mke wangu aliweka mbele yangu obusuma, yaani ugali, na kuku, na kando, peke yake kwenye kisahani, imondo, yaani firigisi, ambayo kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa nyumbani.

"Mama amesema ule kwanza," alisema. "Anasema umefanya kazi."

Niliila. Mkwe akiikataa imondo ametukana. Sijawahi kutafuna kitu kigumu vile.

Saa ya kupiga simu ikafika, na ng'ambo hawakuweza kungoja kwa sababu binti alikuwa na zamu ya kumwona daktari. Ikabidi simu ya mke wangu itumike. Wanawake walikusanyika jikoni, nami nikakaa nje chini ya dirisha lao, nikisikia kila kitu bila kuonekana.

"Uko wapi?" mama alikuwa akiuliza. "Mtoto yuko wapi?"

"Huyo hapo mama, mbele yako."

"Naona kitu cheupe."

"Sogeza karibu na macho."

"Nimesogeza. Naona kitu cheupe kinatingishika."

Mtoto alikuwa analia. Kilio kilifika Malinya kikiwa kimekatikakatika, kama mtu anayelia ndani ya ndoo. Mama akaanza. Alitaja jina la mume wake, baba wa mke wangu. Mtoto akalia. Akalitaja tena, polepole. Kilio kikaendelea, au kilikuwa kile cha mwanzo kilichochelewa njiani, nani ajuaye. Akataja la baba yake mzazi. Kilio. Kisha akalitaja la kaka yake, aliyefukiwa na udongo katika mashimo ya dhahabu akiwa kijana.

Kimya.

Shangazi akapiga vigelegele. Wengine wakamfuata. Nami pale nje nilihisi kifua kikifunguka, nikajiambia, basi, imekwisha vizuri, hata bila mashine.

Vigelegele vilipotulia, mama akauliza, "Amenyamaza, ama mtandao umekatika?"

"Picha imeganda," mke wangu akajibu.

Walipiga tena, wakapata. "Ananyonya," binti akasema.

"Alianza lini?" mama akauliza.

"Sijui mama. Mlikwama, nikaona nimpe titi nikiwangoja."

"Ulisikia nikitaja nani?"

"Nilikusikia ukimtaja baba. Baadaye sauti ilipotea."

Kisha mama akasema, kwa sauti yake ya darasani, "Basi. Limeshatajwa la mjomba wenu. Likaandikwe." Na siku iliyofuata likaandikwa.

Kurekebisha mashine hakukuwa kazi kubwa. Kama imekupata, kuna amri ya kuiambia mashine imwite tena yule mlinzi. Utatunga neno la siri la muda, utawasha upya, skrini ya buluu itarudi, nawe utabonyeza kitufe haraka, utachagua kusajili ufunguo, utaandika neno lile, basi. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Safari hii nilimchorea mke wangu skrini ile kwenye karatasi mapema, nikamweleza kila hatua, na nikakaa nje kabla hata mashine haijawashwa. Hakunipigia kelele hata mara moja. Waifai ikaja. Niliirudisha ile picha pana kama sahani katikati ya skrini, na herufi nikazikuza zikawa kubwa kuliko za mwanzo.

Mama alipiga simu yeye mwenyewe. Yaliyotokea sebuleni nilisimuliwa na mke wangu tukirudi mjini. Alisema mama aliusogeza uso wake hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Akamwomba binti amgeuze ubavu, auone upande. Akamwomba amgeuze upande wa pili.

"Halafu?"

"Halafu akasema, 'Ana masikio ya baba yenu.'"

"Na jina?"

"Hakusema kitu juu ya jina."

Mke wangu hakunilaumu. Alitazama nje, kisha akaniambia kwamba baba yake alikuwa na masikio yaliyosimama kidogo, na wao watoto walikuwa wakiyacheka.

Nilimtuma ampelekee mama maneno yangu ya kuomba msamaha, maana kwenda kumwomba uso kwa uso siwezi. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: "Mwambie mkwe mashine inaenda vizuri sana. Sasa sipati hata nafasi ya kulisha ng'ombe." Akanitumia na mayai. Mpaka leo anaongea na mtoto yule kila Jumapili baada ya kanisa, na mpaka leo hajamwita kwa lile jina lililoandikwa. Anamwita mjukuu. Wengine wote wanalitumia, hata shangazi, hata mimi. Yeye peke yake halitamki, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Kwa hiyo wewe unayeanza, ukiombwa au ukijitolea kuiwekea mashine ya mtu Linux, fanya hivi. Chomeka flashi, na mfumo ukikuuliza, chagua kujaribu bila kusakinisha. Unganisha waifai. Kisha mkalishe mwenye mashine kitini, wewe utoke nje ukihitajika kutoka, na umwache afanye mpaka mwisho lile jambo analoitumia mashine hiyo kulifanya. Akimaliza, tuma mtu amuulize kama bado anataka, na umwagize aseme kwamba akikataa hakuna atakayekasirika.